Katoto ka mbwa kanaharisha, umpe nini ale

Mi kangu nilikatoa Muheza, nikapanda nako daladala hadi Tanga mjini ndani ya boksi la sabuni, na kwa ile furaha usiku uleule nikakamiminia maziwa ya ng'ombe bakuli zima, nikaongezea na wali wa nazi uliobaki na mchuzi wa samaki juu. Asubuhi sakafu ya ukumbini ilikuwa haikanyagiki. Mama akasimama mlangoni na khanga puani, "Mwanangu, huyo mgeni wako umemlisha nini?"

Basi kosa lilikuwa langu na naona wengi tunalifanya. Mtoto wa mbwa ametoka kwa mama yake, amesafiri, ana woga, halafu chakula alichozoea kimebadilishwa ghafla, hapo tu tumbo linavurugika hata kama hujampa kitu kibaya. Sasa ukiongeza maziwa ya ng'ombe, ambayo sukari yake tumbo la mbwa wengi haliiwezi, na tui lenye mafuta, na mchuzi wenye kitunguu (kitunguu maji na swaumu ni sumu kwa mbwa, sio suala la kuharisha tu), ndo umemmaliza.

Kabla ya chakula muangalie kwanza. Anacheza? Anakuja ukimwita? Shika ngozi ya kati ya mabega, ivute juu kidogo uachie, ikirudi palepale sawa, ikirudi taratibu au ikabaki imesimama ujue maji yamepungua mwilini. Mfunue na mdomo, ufizi uwe na rangi ya pinki na unateleza, sio mweupe na sio mkavu unaonata kidole. Akiwa mchangamfu na kinyesi ni laini tu, unaweza kumhudumia nyumbani siku moja mbili.

Usimshindishe njaa. Mbwa mkubwa wengine humpumzisha tumbo siku nzima lakini huyu mdogo sukari inashuka haraka mwilini, anaanza kutetemeka na kulegea, kwa hiyo ale ila kidogokidogo.

Chemsha kidari cha kuku, toa ngozi toa mifupa yote, usiweke chumvi wala mafuta wala kiungo chochote, hata ile pilipili manga ya kuleta harufu acha. Pembeni pika wali mweupe wa maji mengi mpaka uwe bokoboko kabisa, ule ambao ukimpa mgeni atakusema mtaa mzima. Nyama umchambulie iwe nyuzinyuzi, changanya kikombe 1 cha kuku kwa vikombe 2 vya wali, acha ipoe. Kuku hakuna? Changu wa kuchemsha anafaa, ila miba uitoe kwa vidole sio kwa macho, na dagaa wakavu wa chumvi usimpe. Kama ana kilo 3 hivi mi naanza na vijiko 2 vya chakula kila masaa 3 au 4, mara 5 au 6 kwa siku, akimaliza akakuangalia kwa huruma muache akuangalie, usimuongeze.

Maji yawepo muda wote, safi, bakuli dogo ubadilishe mara kwa mara. Akinywa mengi kwa pupa akatapika, ondoa bakuli kama nusu saa halafu umpe kijiko kimoja kimoja. Watu watakwambia mpe madafu, mi simpi, maji yanatosha.

Dawa za kabatini ndo balaa lenyewe. Panadol, diclofenac, flagyl iliyobaki ya mtoto, vidonge vya kufunga tumbo, usiguse bila daktari wa mifugo, panadol tu inaweza kumuua. Dawa ya minyoo nayo inapimwa kwa kilo, na minyoo ni sababu kubwa sana ya watoto wa mbwa kuharisha huku kwetu, ukiona tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika ujue. Inatakiwa aanze kupewa akiwa na wiki 2, na kurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 8 hivi, sasa aliyekuuzia akisema "ashapewa huyo" muulize lini na dawa gani, uone anavyobabaika.

Ila kuna hali ambayo wali na kuku havisaidii. Kinyesi kina damu, kinanuka vibaya kuliko kawaida, anatapika kila kitu hata maji, amelala tu hata mkia hautikisi, na hajachanjwa: hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi vya tumbo la mbwa, na inaua ndani ya siku 2 au 3, usisubiri kesho, mpeleke siku hiyohiyo atundikiwe maji. Beba na kinyesi kidogo kwenye kikopo chenye mfuniko, daktari atakihitaji. Na pale alipochafua usimwage maji tu, virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi, futa uchafu wote kwanza halafu piga Jik, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache kama dakika 10. Watoto wa nyumbani wanawe mikono kwa sabuni, minyoo ya mbwa inapanda kwa binadamu.

Kinyesi kikishashikana siku mbili mfululizo, rudisha chakula chake taratibu, robo kwa robo tatu za wali, baada ya siku mbili nusu kwa nusu, hivohivo mpaka wiki iishe. Usinogewe ukamuacha kwenye wali na kuku mwezi mzima, hauna kalsiamu ya kutosha na mifupa yake ndo inakua sasa.

Kangu siku ya tatu kaliamka kakabeba kandambili ya mama hadi uani, na mama badala ya kufoka akauliza kama kameshapewa ule wali.