Jinsi ya kujijengea jina la uandishi ukiwa Mbeya

Naishi Uyole, nimechapisha vitabu vitatu vya hadithi za watoto. Swali ninaloulizwa sana na vijana ni hili: "Kaka, nifanyeje nijulikane?" Kujulikana si kazi, hata mwizi wa kuku anajulikana mtaa mzima. Kazi ni kuaminika, mpaka mwalimu mkuu aagize kitabu chako cha pili kabla hajakiona.

Hatua ya 1: Shika jina moja. Mimi gazetini nilitumia herufi za mwanzo, kwenye jalada jina la ubatizo na la ukoo, na Facebook jina la utani. Wasomaji walidhani ni watu watatu. Chagua jina moja, tahajia moja, usigeuke.

Hatua ya 2: Safisha R na L. Hapa ndipo wengi wetu wa nyanda za juu tunapoumbuka. Kinyakyusa hakina sauti ya r, kwa hiyo sikio letu halishtuki zikibadilishana. Kwenye kitabu changu cha kwanza babu anamrithisha mjukuu "karamu" yake, na mjukuu anaitia mfukoni. Mwalimu mmoja wa Tukuyu alinirudishia nakala akiwa amezungushia neno lile wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Pilau limeingiaje mfukoni?" Nilicheka, lakini shule yake haikununua hata kimoja.

Sasa nafanya hivi. Nikimaliza mswada, natafuta kwenye kompyuta jozi moja baada ya nyingine: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Kila linapotokea nasoma sentensi nzima kwa sauti. Kisha nampa msomaji aliyekulia Pwani, maana wa nyumbani naye atapitwa na yaleyale. Mwisho mhariri wa kulipwa, tukiwa tumeandikiana bei na tarehe. Binamu aliyefaulu Kiswahili kidato cha nne si mhariri, nisamehewe.

Hatua ya 3: Chukua ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kabla ya kwenda kiwandani kuchapa. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nayo ina tarakimu 13. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Ukichelewa utaishia kubandika stika kwenye jalada, na mwenye duka la vitabu ataiona.

Hatua ya 4: Andika wasifu mfupi wenye mambo ya kushika. "Mwandishi mahiri mwenye kipaji cha pekee" haimwambii mtu kitu. Linganisha na huu: "Ni mwalimu wa sekondari Rungwe. Anaandika hadithi za watoto wa wachuma chai." Wa pili ukitumwa kwa mtangazaji wa redio, tayari ana swali la kukuuliza. Ukiwania tuzo, kama ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, soma masharti mara mbili kabla ya kutuma.

Hatua ya 5: Zindua watu wakiwa na hela. Januari mzazi anawaza sare za shule na mbolea ya kukuzia, na huko Ileje na Makete ni matope. Subiri mahindi yavunwe, Julai au Agosti. Ukienda shuleni, anzia ofisini kwa mwalimu mkuu, si darasani.

Hatua ya 6: Kuwa na daftari la mali kauli, yaani vitabu unavyoacha dukani ulipwe vikishauzwa. Kila duka ukurasa wake, na mwenye duka asaini. Ukurasa wangu mmoja wa Mwanjelwa unasema: zimepokelewa 10, zimeuzwa 6, zimebaki 3, imelowa 1. Ile iliyolowa niliibeba mwenyewe, sikumdai. Mzigo uliofuata, yule mama mwenye duka alinilipa nusu kabla sijaufungua.