Taa za Stesheni Ndogo: Punguza Mwanga Kwanza

Reli nyingi za modeli zikiwekwa taa hung'aa kama duka la simu la Luthuli Avenue, Nairobi, msimu wa Krismasi. Kinachoziharibu ni mwanga kuzidi. Hapa tunawasha stesheni ya kipimo cha 1:87, yenye karakana ya jua kali ya kuchomelea chuma pembeni.

Hatua ya 1: Vifaa. Nunua LED (taa ndogo za elektroniki) za milimita 3: nyeupe yenye unjano (kelvini 2700 hadi 3000, kipimo cha rangi ya mwanga), njano, na nyeupe kali moja ya karakana. Ongeza rezista (vipande vya kupunguza umeme, hupimwa kwa omu) na adapta ya DC ya volti 12. Vyote vinapatikana Luthuli Avenue.

Hatua ya 2: Ziba kuta. Plastiki nyembamba hupitisha mwanga, jengo zima likawaka. Paka rangi nyeusi ndani, kisha nyeupe juu yake. Zima taa za chumba, ingiza tochi ya simu ndani ya jengo, na uzibe kila ufa unaouona kwenye kona na chini ya paa.

Hatua ya 3: Rezista. LED nyeupe hutumia takriban volti 3, kwa hiyo 9 zinabaki kwa rezista. Ukiweka ya omu 470 utapata miliampea 19, mwanga wa kuumiza macho. Omu 4,700 hutoa karibu 2, na omu 10,000 hutoa 0.9. Mimi huanzia 10,000. Kila LED iwe na rezista yake; mguu mrefu ni chanya.

Hatua ya 4: Gawa vyumba. Tenga vyumba kwa kadibodi, na viwili vitatu uviache giza. Ofisi ya stesheni masta ipate nyeupe yenye unjano, jukwaa la abiria njano. Nani huwasha kila chumba, na bei hii ya stima?

Hatua ya 5: Fundi wa kuchomelea. Hapa usiwe na haraka. Ficha LED nyeupe kali nyuma ya kipande cha bati, ili watu waone mwako ukutani, si balbu yenyewe. Iunganishe na Arduino (bodi ndogo ya elektroniki inayoprogramiwa) kupitia rezista ya omu 220. Programu iiwashe na kuizima kwa vipindi vya kubahatisha vya milisekunde 10 hadi 80, kwa sekunde mbili tatu, kisha itulie sekunde 5 hadi 15. Kimya hicho ndicho kinachodanganya jicho: fundi wa kweli huinua kioo, hugonga ganda, hukagua kiungo, ndipo aendelee. Ongeza LED ya rangi ya chungwa inayofifia polepole baada ya kila mwako. Hiyo ni chuma inayopoa.

Hatua ya 6: Waya. Zipitishe chini ya ubao, na taa ziwe na adapta yake. Kwenye reli ya kawaida ya DC, ambako mwendo hubadilishwa kwa kupandisha au kushusha volti za reli, ukichukua umeme wa taa relini, stesheni itafifia kila garimoshi linapopunguza mwendo.