Rangi ya Gram kwa anayeanza: slaidi moja ya meno na mtindi

Ukitaka kuyafahamu makundi ya vijidudu, paka rangi slaidi moja kwa mkono wako kabla ya kukariri majina. Rangi ya Gram hugawa bakteria wengi katika makundi mawili, zambarau na pinki. Njia hii aliibuni daktari Mdenmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin mwaka 1884, na maabara za hospitali bado zinaitumia kila siku.

Hatua ya 1. Weka matone mawili madogo ya maji safi kwenye slaidi, yasigusane. Kwangua ukoga wa meno karibu na ufizi kwa kijiti, uvuruge katika tone la kushoto. La kulia litie mtindi kidogo tu, kiasi cha ncha ya kijiti. Tandaza yote mawili yawe membamba: yakikauka, maandishi ya gazeti yasomeke kupitia hapo.

Hatua ya 2. Yaache yakauke yenyewe, kisha pitisha slaidi haraka juu ya mwali mara tatu, upande wenye utando ukiwa juu. Ikikuunguza nyuma ya kiganja, umezidisha moto.

Hatua ya 3. Mwagia rangi ya kristali violeti, ndugu wa ile dawa ya GV ya zambarau wanayopakwa watoto wenye utando mdomoni. Subiri sekunde 60, suuza. Mwagia ayodini, sekunde 60 tena, suuza. Hapa kila bakteria ni zambarau.

Hatua ya 4. Sasa spiriti, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Inamisha slaidi, dondosha spiriti mpaka yanayochuruzika yasiwe na rangi, kisha suuza papo hapo. Mara nyingi ni sekunde 5 hadi 15. Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglikani, yaani wavu wa sukari na protini fupi unaoizunguka seli, hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba na utando wa nje huipoteza, na watapata pinki katika hatua ya 5. Ukichelewa, hata wenye ukuta mnene wanavuliwa rangi. Nawasisitizia sana wanafunzi wangu jambo hili, kwa sababu kwenye maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye homa, nimonia-koka ni zambarau na meningo-koka ni pinki, na wote wawili ni bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Daktari anasubiri jibu lako wakati kuotesha bakteria kutachukua siku nzima au zaidi.

Hatua ya 5. Mwagia safranini, rangi nyekundu inayowapa pinki waliopoteza zambarau, dakika moja. Suuza, kausha kwa kugusisha karatasi bila kufuta.

Hatua ya 6. Weka slaidi kwenye hadubini: tone la mafuta, lenzi ya 100. Anza na mtindi: bakteria wake lazima wawe zambarau. Wakiwa pinki, spiriti ilizidi. Kisha nenda kwenye meno, utafute seli kubwa bapa za shavu. Kiini chake kikiwa zambarau, spiriti haikutosha.

Mambo yakiwa sawa, utaona viduara na fito, zambarau kwa pinki, vyote pamoja. Ukikuta mayai ya zambarau yaliyo makubwa mara kadhaa kuliko bakteria, mengine yakichipua, hao ni fangasi wa jamii ya hamira. Bakteria wa kifua kikuu wana ukuta wa nta, wanahitaji rangi ya Ziehl-Neelsen. Vimelea vya malaria ni protozoa, tunavitafuta kwenye damu kwa rangi ya Giemsa. Virusi ni vidogo mno kwa hadubini hii.

Ukimaliza, tumbukiza slaidi kwenye maji ya klorini, unawe mikono. Kisha tengeneza nyingine mbili za mtindi, moja spiriti sekunde 5, nyingine dakika nzima, uzitazame zikiwa pamoja.