SOMO: Choa kwa mtoto, paka na ndama

Wakuu, kila wiki natumiwa picha za mikono yenye maduara, nami najibu yale yale. Leo naandika mara moja, mniache nivune viazi.

1. Hakikisha ni choa: duara linalowasha, ukingo una magamba, katikati panaelekea kupona. Ni fangasi. Dawa ya minyoo haihusiki.

2. Osha kwa sabuni, kausha kabisa. Taulo usichangie.

3. Kitunguu saumu. Hapa ndipo nilipoharibu. Jirani alinishauri, nikatwanga punje tatu, nikamfunga mwanangu mkononi kwa kitambaa, akalala nacho. Asubuhi kufungua, malengelenge! Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kama maji ya moto, na ya mtoto ndiyo kabisa. Kidonda kilichukua wiki tatu, na choa kilikuwa bado kipo pembeni kinanicheka. Ndimu, jiki na maji ya betri ni ukoo huo huo. Aloe vera haina ugomvi, ila inatuliza muwasho tu.

4. Paka krimu ya klotrimazo ya 1%, mara mbili kwa siku, uvuke ukingo kwa sentimita 2. Duara likipotea, endelea wiki moja hadi mbili. Wengi wanaacha duara linapopotea tu, kinarudi, wanasema wamerogwa.

5. Shuka na nguo: maji ya moto, jua, pasi.

6. Paka wa nyumbani akaguliwe na mtu wa mifugo hata kama manyoya ni mazima. Usimpake oili chafu wala mafuta ya taa. Atajiramba, utamuua.

MASWALI

– Dada, hicho kitunguu saumu nifunge kwa saa ngapi?
Rudi namba 3. Soma polepole.

– Mbona bibi zetu walitumia wakapona?
Sijamtukana bibi yako. Nimesimulia mkono wa mwanangu.

– Mapunye ya kichwani je?
Krimu haifiki kwenye shina la nywele. Mpeleke zahanati, kwa kawaida ni vidonge vya griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8. Wembe na kitana asichangie na wenzake.

– Nilipaka tyubu ya duka la vipodozi, muwasho ukaisha siku mbili, sasa kimesambaa tumbo zima. Kwa nini?
Swali zuri. Soma ubavuni mwa tyubu: ukiona betamethazoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi. Inazima wekundu huku fangasi anakula kwa raha, na duara linapoteza umbo hata daktari anaweza kulikosea. Acha, nenda nayo hospitali wajue ulipaka nini.

– Niko Tukuyu, ndama ana magamba ya kijivu kuzunguka macho.
Ndiyo chenyewe, na kinahamia kwa mkamuaji. Mtenge, banda lipate mwanga, vaa glavu, dawa upewe na mtu wa mifugo. Wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini brashi yake isiguse mwingine.

– Huku mvua haikatiki, nguo tunaanikaje?
Kamba juu ya jiko la kuni, halafu pasi ya mkaa. Kaza kwenye pindo na kola. Jiko la mkaa usiliingize chumbani usiku eti linakausha nguo.

– Dada, viazi gunia bei gani?
Njoo Uyole Jumamosi, tuelewane.