Miguu haitulii usiku? Pima feritini kwanza
Kama ukijilaza tu miguu inaanza kusumbua kwa ndani, mithili ya sisimizi wanaotembea mifupani, na nafuu unaipata ukiitikisa au ukiinuka kutembea, usikimbilie dawa ya usingizi. Omba kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Damu yaweza kuwa ya kutosha na akiba ikawa chini. Kwa tatizo hili madaktari wengi huongeza chuma feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au pungufu, hata kama karatasi ya maabara inasema "kawaida". Vidonge vimeze na maji ya machungwa, mbali na chai ya maziwa (najua, inauma). Usivimeze bila kupima. Chuma kikizidi nacho hudhuru.

Kagua pia dawa unazotumia. Piriton na promethazini, ambazo wengi humeza ili wasinzie, huzidisha hali hii. Metoklopramidi ya kichefuchefu na amitriptilini ya sonona vilevile. Ongea na daktari kabla ya kuacha chochote. Za kutibu zipo: gabapentini, pregabalini. Pramipeksoli hutuliza haraka, ila ikitumika muda mrefu inaweza kufanya usumbufu uanze mapema zaidi, hata alasiri.

Na usipigane na miguu kitandani, hasira hufukuza usingizi zaidi. Inuka, nyoosha mashavu ya miguu, yakande, piga pasi nguo za kesho. Kahawa ya jioni iache. Ukisafiri na basi la usiku, omba kiti cha upande wa njia.