Somo: Notisi ya thamani ya nyumba Texas, na namna ya kuipinga

Kila Oktoba bili za kodi zikitoka, simu zinaanza: "Nimeletewa kodi kubwa, nifanyeje?" Oktoba mmeshachelewa. Huku Texas kodi ya nyumba hupingwa Aprili na Mei, ofisi ya tathmini ya kaunti inapotaja thamani. Ofisi hiyo huikadiria nyumba kama ilivyokuwa Januari 1. Shule, kaunti na mji ndio hupanga viwango, na mkusanya kodi hana uwezo wa kugusa thamani, kwa hiyo kumlalamikia yeye ni kupoteza muda.

Hatua ya 1: Homstedi, yaani msamaha wa kodi kwa nyumba unayoimiliki na kuishi. Kama unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, jaza fomu yake leo. Ni bure, barua zinazodai ada ya kukujazia zitupe. Leseni yako ya Texas iwe na anwani ya nyumba hiyo. Kuanzia kodi ya 2025, dola 140,000 za thamani hazitozwi kodi ya shule. Tena, kuanzia mwaka unaofuata, thamani inayotozwa kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha ulichoongeza kujenga.

Hatua ya 2: Soma notisi. Ina namba mbili, thamani ya soko na thamani inayotozwa kodi, na watu wengi huishia kwenye ya kwanza. Tuseme mwaka jana ulitozwa kwa 290,000, na sasa thamani ya soko imeandikwa 340,000. Ukiwa na kinga ya asilimia 10, utatozwa kwa 319,000. Ukitoa 140,000 za homstedi, kodi ya shule itatozwa kwa 179,000. Maana yake, ukishusha thamani ya soko hadi 325,000, kodi ya mwaka huu haitabadilika hata senti. Lazima ushuke chini ya 319,000.

Hatua ya 3: Wasilisha pingamizi kufikia Mei 15, au ndani ya siku 30 tangu notisi itumwe, tarehe itakayokuja baadaye. Weka alama kwenye sababu zote mbili: thamani imezidi soko, na thamani hailingani na nyumba zinazofanana na yako. Omba kwa maandishi ushahidi wa ofisi. Ni haki yako kuupata siku 14 kabla ya kikao.

Hatua ya 4: Ushahidi. Hapa ndipo kesi hushinda au hufa. Anza na kumbukumbu ya nyumba yako kwenye tovuti ya kaunti: ukubwa, mabafu, mwaka wa kujengwa. Kosa la ukubwa peke yake linaweza kukushindia. Halafu msingi. Udongo wa mfinyanzi wa Houston na Dallas hufura mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukuta unapasuka kutoka kona ya mlango kwenda juu. Piga picha nyufa hizo, chukua makadirio ya fundi kwa maandishi. Kusema tu "kodi imenilemea" hakusaidii, hata kama ni kweli tupu.

Hatua ya 5: Utakutana kwanza na mtathmini. Msipokubaliana, unaenda kwenye bodi ya mapitio.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikipinga hawatanipandishia?*
Hapana, dada. Bodi hairuhusiwi kukupa thamani iliyo juu ya iliyotajwa na ofisi, labda wewe mwenyewe ukubali. Hofu hii imewanyima wengi haki yao.

*Kaka, tulinunua nyumba mpya kwa mjenzi. Mwaka wa kwanza kodi ilikuwa ndogo, sasa malipo ya benki yamepanda mno. Wametuibia?*
Poleni sana. Kama Januari 1 palikuwa kiwanja kitupu, mlitozwa ardhi tu. Mwaka uliofuata nyumba ikahesabiwa nzima, na akaunti ya eskro (ambayo benki huitumia kulipia kodi yenu) ikaonekana na pengo ambalo benki sasa inalifidia. Ukinunua nyumba mpya, anza kuweka akiba ya tofauti hiyo tangu mwezi wa kwanza. Na kwa aliyenunua nyumba ya zamani: kinga ya asilimia 10 ya mwenye nyumba aliyetangulia hairithiwi.

*Mama yangu ana miaka 67 na nyumba iko kwa jina lake. Kuna nafuu?*
Ipo, na kubwa. Mwenye miaka 65 na zaidi hupata msamaha wa ziada wa dola 60,000 kwa kodi ya shule, na kodi hiyo hufungiwa isipande, isipokuwa akiongeza jengo. Mpeleke ofisi ya tathmini wiki hii na kitambulisho chake.