Kuvuka Vilima vya Ngong kwa Matatu: Kutoka Lango la Msitu Hadi Kona Baridi na Kurudi Nairobi

Swali la namna ya kufika Vilima vya Ngong bila gari la kibinafsi, kuvivuka vyote saba na kurejea Nairobi siku iyo hiyo limeulizwa hapa mara nyingi mno, nami nimechoka kulijibu kwa vipande vipande. Naliandika mara moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili. Kupanda kwenyewe hakumshindi mtu mwenye afya ya kawaida. Kinachowashinda wengi ni kurudi, kwa sababu njia inaanzia mji mmoja na kuishia kwenye barabara nyingine kabisa, na matatu iliyokupeleka haikungoji upande wa pili.

Hatua ya kwanza. Fika steji ya matatu nambari 111, upande wa Railways, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi.

Hatua ya pili. Safiri hadi mwisho, mjini Ngong. Gari hupitia Barabara ya Ngong, Dagoretti Corner, Karen, Bulbul na Vet, kwa hivyo anayeishi kandokando ya barabara hiyo hana haja ya kwenda kwanza katikati ya jiji.

Hatua ya tatu. Nunua chakula na maji mjini Ngong, kwa maana mgongoni mwa vilima hakuna bomba. Maji yabebwe katika chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja ni marufuku katika misitu, mbuga na fuo zilizohifadhiwa nchini Kenya, na askari wa langoni ana haki ya kukunyang'anya.

Hatua ya nne. Chukua bodaboda hadi lango la msitu, na mpatane bei kabla hujapanda. Barabara ni ya mlima, na miguu yako utaihitaji baadaye.

Hatua ya tano. Lipa kiingilio cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Uwe na pesa kwenye simu, usitegemee noti. Hapo hapo omba askari wa misitu wa kuwasindikiza, hasa mkikusudia kufika Kona Baridi. Vilima vya mwanzo huwa na watu wengi, lakini kadiri unavyosonga mbele watu wanapungua, na wizi umewahi kuripotiwa huko kwenye upweke. Malipo ya askari yafanyike ofisini na mpewe risiti. Ulizeni waziwazi kama atawafikisha mwisho wa njia au atageukia katikati, maana hayo ni mapatano mawili tofauti.

Hatua ya sita. Tembea. Utaanza kwa kuyapita mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo, ambayo ya kwanza yalisimikwa mwaka 1993, na ukisimama chini ya moja utaelewa kwa nini yaliwekwa hapo: upepo hupiga kofia ikaruka, mwavuli ukapinduka, na jasho likakauka mgongoni kabla hujalihisi, hata mtu akasahau kunywa maji. Njia ni kama kilomita 11, na mtu wa mwendo wa wastani hutumia saa nne hadi sita pamoja na mapumziko. Kilele cha Lamwia kina urefu wa mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Kushuka kati ya kilima na kilima ndiko huumiza magoti, kwani changarawe huteleza, na msimu wa mvua udongo hushikamana na soli hadi kiatu kinakuwa kizito maradufu. Upande wa kulia unaliona Bonde la Ufa, upande wa kushoto jiji.

Hatua ya saba, ambayo naomba isomwe polepole. Njia inashukia Kona Baridi, kwenye barabara inayotoka Kiserian kwenda Magadi. Kona Baridi si kituo kikuu cha matatu. Magari yanayopita hapo yanatoka Magadi na vituo vya njiani. Ni machache, na jioni za wikendi mengi huwa yamejaa. Kwa hivyo usipange kurudi kwa gari utakalolisimamisha barabarani. Panga kuchukua bodaboda, au gari lolote lenye nafasi, hadi Kiserian tu. Kiserian ndipo penye matatu nyingi za nambari 126, ambazo hupitia Ongata Rongai na Barabara ya Lang'ata hadi mjini. Uwe umefika Kona Baridi ifikapo saa kumi alasiri. Jua la huku huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, nao msongamano wa Rongai Jumapili jioni unaweza kula saa nzima ya safari yako. Weka kando nauli ya kurudi, tena sehemu yake iwe taslimu, kwa sababu nimewaona watu wamekaa juu ya jiwe pale Kona Baridi, simu zimezima chaji, wakimbembeleza mwenye bodaboda awaamini hadi Kiserian.

Tahadhari tatu za hatua hiyo hiyo. Ikiwa saa saba na nusu mchana hamjafika katikati, geukeni mrudi Ngong mlikotoka, msijipe moyo kwamba mtaharakisha. Msifuate vijia vinavyoshuka pembeni. Vimechimbwa na kwato za mifugo, na vya upande wa magharibi vinashukia bondeni, mbali na matatu. Na mkishafika Kona Baridi, msikubali wazo la kurudi juu kwa miguu, hata kama mwenzenu mmoja bado ana nguvu za kujionyesha.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Embakasi: Nauli ni pesa ngapi?

Jibu: Hubadilika kwa saa, kwa mvua na kwa msongamano. Muulize kondakta kabla hujaketi.

Mwenye Probox: Je, naweza kwenda na gari langu mwenyewe?

Jibu: Unaweza, lakini utashukia upande wa pili na gari litabaki langoni. Soma tena aya ya kwanza.

Mwanafunzi wa Jiografia: Samahani mwalimu, kwa nini tuanzie Ngong? Je, kuna ubaya wa kuanzia Kona Baridi na kumalizia mahali penye matatu nyingi?

Jibu: Hili ni swali zuri, nami nililitarajia. Kwanza, ofisi ya malipo na askari wa kusindikiza wako upande wa Ngong. Ukianzia Kona Baridi unaingia msituni bila kibali na bila ulinzi. Pili, bodaboda ya Ngong hukupandisha sehemu kubwa ya mlima kabla hujaanza kutembea, ilhali kutoka Kona Baridi mwinuko mkali unaupanda wote kwa miguu yako. Tatu, asubuhi ni rahisi zaidi kufika Ngong kwa gari moja kuliko kufika Kona Baridi kwa magari mawili au matatu. Hoja yako ya kurudi ina uzito, na kama shida yako ni usafiri peke yake, fanya hivi: tembea kutoka lango la Ngong hadi kilima cha tatu au cha nne, kisha urudi kwa njia ile ile. Utakuwa umeona mandhari ya pande zote mbili, na 111 itakuwa inakungoja.

Mpenda Upweke: Mwandishi ametia chumvi kuhusu askari. Mimi nimevuka vyote peke yangu na hakuna aliyenigusa.

Jibu: Nafurahi kwamba ulifika salama. Somo hili linasomwa pia na watu watakaokwenda na wadogo zao, kwa hivyo sitaifuta hatua ya tano.

Mama Pacha: Nina watoto wa miaka saba. Je, njia hii inawafaa?

Jibu: Dada, vilima viwili vya mwanzo wanaviweza, mkirudi kabla ya jua la mchana. Lakini kwa umri huo ningewapeleka kwanza Msitu wa Karura. Panda matatu nambari 100 ya Kiambu, mwambie kondakta akushushe kwenye lango la msitu lililo Barabara ya Kiambu. Njia ni tambarare, kuna maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo, na kivuli ni kingi. Waambie pia habari za Wangari Maathai, aliyeshambuliwa mwaka 1999 alipokwenda kupanda mti kwenye msitu huo uliokuwa umenyakuliwa. Watoto huuangalia mti kwa jicho jingine wakishasikia.

Msafiri wa Kasarani: Mlima Longonot je? Nilipanda gari la Naivasha, nikajikuta mjini Naivasha bila kuuona mlima.

Jibu: Ulipanda gari la barabara ya juu, linalopita Limuru na Kinungi. Longonot iko kwenye barabara ya chini, ya Mai Mahiu. Kabla ya kulipa uliza, "Mnapitia Mai Mahiu?" na usikubali jibu la "twende tu." Shukia kituo cha Longonot, kisha bodaboda hadi lango la Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ambako hawapokei pesa taslimu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Kilele kiko mita 2,776. Vumbi lake ni jembamba kama unga, kwa hivyo beba leso ya kufunika pua.

Mzee wa Thika: Wanangu, msisahau kwetu Kilimambogo. Mnafika Thika, mnabadilisha gari la kwenda Donyo, na mlima wa mita 2,145 uko mbele yenu.

Jibu: Asante mzee, umenikumbusha. Naongeza tu kwamba huko nyati ni wengi na hujificha kwenye vichaka vya kando ya njia, kwa hivyo msipande kwa miguu bila askari wa KWS.

Kijana wa Embakasi: Na nauli ya Thika?

Jibu: Muulize kondakta.